Kunoana kwa watafiti chipukizi Lamu: maswali tunayoulizwa kila mara

Kila mtu mpya anayejiunga na kikundi chetu huja na maswali yale yale. Mengine tumeulizwa barabarani, mengine ndani ya boti ya Mokowe, na machache kwa kunong'onezwa. Haya hapa, pamoja na majibu tunayotoa. Wenzetu wa Malindi wanayatumia pia; pale mambo yao yanapotofautiana na yetu, tumesema.

## Mambo ya mwanzo

Kunoana ni nini hasa?

Ni watafiti wawili au watatu walio ngazi moja kikazi kukutana kwa zamu, kila mmoja akisaidiwa na wenzake kulifikiria jambo lake la kazi mpaka aione hatua inayofuata. Anayeleta jambo tunamwita mwenye jambo. Anayemsikiliza na kumuuliza tunamwita mnoaji. Muda ukifika wanabadilishana.

Wengine hukuita ukocha rika, na ni kitu kile kile. Sisi tuliliacha neno kocha kwa sababu hapa kwetu humpeleka mtu moja kwa moja uwanjani, akangoja kupigiwa kelele kutoka pembeni. Mnoaji hapigi kelele, wala haelekezi. Kazi yake ni kuuliza, na hapo ndipo penye ugumu wote, kama utakavyoona kwenye sehemu ya kikao.

Jambo hili limetoka wapi?

Lina mizizi miwili tunayoijua vizuri. Mmoja ni wa Mwingereza Reg Revans, ambaye ujanani alikuwa mtafiti katika maabara ya Cavendish, Cambridge. Katika miaka ya 1940 aliwakusanya mameneja wa migodi ya makaa ya mawe katika vikundi vidogo, waulizane juu ya matatizo yao wenyewe badala ya kuletewa mtaalamu wa kuwahubiria. Mwingine ni wa Wamarekani Bruce Joyce na Beverly Showers. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walieleza kwamba mwalimu akitoka semina bila mwenzake wa kufanya naye mazoezi, mengi aliyofundishwa huishia mlangoni mwa darasa. Mwaka 1996 wakaandika kwamba wameacha kabisa kuwataka walimu hao wapeane maoni baada ya kutembeleana madarasani, kwa kuwa mtu akianza kutoa maoni huanza pia kuwa mkaguzi. Hilo la pili ndilo tulilolishika sana.

Mbona nina msimamizi tayari? Hiki cha nini tena?

Msimamizi anaijua mada yako na ana sahihi yako mkononi. Kwa sababu ana sahihi, kuna mambo hutamwambia: kwamba huelewi sura yako mwenyewe ya mbinu, kwamba unafikiria kuacha, kwamba umemwogopa yeye. Mlezi wa kitaaluma ni mtu aliyekwisha kupita njia yako, anakusimulia mashimo yaliko. Mshauri nasaha anashughulika na moyo na maisha, na amesomea. Mnoaji hana hata kimoja kati ya hivyo. Anachokuwa nacho ni dakika arobaini na tano ambazo ni zako, na hana faida wala hasara katika utakaloamua.

Huku Lamu tuna sababu ya ziada. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii, hifadhi ya bahari ya Kiunga ipo tangu 1979, na Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo kazi ya kutafiti haikosekani. Lakini wasimamizi wengi wako Kilifi, Mombasa au Nairobi. Mtu anaweza kumaliza miezi mitatu akihesabu miche topeni asimpate hata mmoja wa kuongea naye lugha ya kazi yake. Akirudi nyumbani anaulizwa, "Bado hujamaliza tu?"

Nani anahesabiwa kuwa mtafiti chipukizi?

Wafadhili wengi huhesabu miaka tangu upate shahada ya uzamivu. Sisi hatuhesabu hivyo. Ukiwa unaandika tasnifu ya uzamili, ukiwa msaidizi wa utafiti kwenye mradi wa uvuvi, ukiwa umepata uzamivu juzi na hujui pa kuushika, karibu. Tulichokiona ni kwamba watu wanaonoana vizuri ni wale ambao hakuna kati yao anayeweza kumpa mwenzake kazi au kumnyima.

Kuna posho? Kuna cheti?

Posho hakuna. Cheti hakuna. Kahawa ipo, na kashata siku ambazo mtu amekumbuka.

## Kikao chenyewe

Kikao kinakwendaje?

Kila mwenye jambo ana dakika arobaini na tano. Anaanza kwa kusema jambo lake na anachotaka kiwe mkononi mwake akiinuka: uamuzi, sentensi ya kwanza ya barua, au hata kujua tu kwamba tatizo liko wapi. Hilo la kutaja anachotaka husahaulika, na likisahaulika kikao hugeuka baraza la kawaida, tamu lakini halina mwisho. Katikati ni maswali na majibu. Dakika kumi za mwisho mwenye jambo anasema mwenyewe atafanya nini, siku gani, na atajuaje kuwa amekifanya. Mnoaji anaandika jambo hilo moja tu, na kikao kijacho huanzia hapo.

Maswali ya namna gani?

Yale ambayo wewe mwenyewe hujui jibu lake. "Huoni ingekuwa bora ubadilishe jarida?" si swali, ni ushauri uliovaa kanzu ya swali. Watu wa Lamu tuna kipaji kikubwa cha mafumbo, tunaweza kumwambia mtu aondoke kwa kumuuliza hali ya hewa, na kipaji hicho kikiingia kikaoni kinaharibu kila kitu. Mwenye jambo huligundua fumbo upesi, akaanza kutafuta unachotaka aseme badala ya anachofikiri.

Haya ni mazungumzo ya kweli, na mwenyewe ametuachia tuyaandike:

"Wiki ya saba hii msimamizi hajanijibu. Sura ya pili iko kwake."

"Pole, mwenzangu. Ulimwandikia nini mara ya mwisho?"

"Nilimwomba maoni."

"Maoni juu ya nini?"

"Juu ya sura. Yote."

"Yote ni kurasa ngapi?"

"Sitini na kitu."

"Ungekuwa ndiye yeye, umeifungua ile barua usiku umechoka, ungeanzia wapi?"

Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Nisingeanza."

Hapo mnoaji hakuwa na la kuongeza. Mwenye jambo mwenyewe aliamua kutuma kurasa tatu anazozitilia shaka, na maswali mawili, na kupendekeza siku ya kuongea kwa simu. Tazama kwamba hakuna swali hata moja lililokuwa la kitaalamu. Mnoaji wake siku ile alikuwa mtu wa fasihi simulizi. Hajui mkoko mkaka na mkoko mchu.

Lakini jibu nalijua! Kwa nini nisimpe tu?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na kwa kawaida muulizaji huwa ameudhika kidogo.

Tuanze na pale ambapo una haki. Kama mwenzako hajui kwamba kibali cha utafiti kinaombwa NACOSTI, yaani tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, au anatafuta fomu ambayo unayo kwenye simu yako, mpe. Kumzungusha mtu kwa maswali juu ya kitu kinachojulikana ni kumchezea. Taarifa hutolewa. Ila sema wazi kwamba unatoka kwenye kiti cha mnoaji: "Hapa nakupa habari, kisha narudi." Dakika mbili zinatosha.

Kwa mambo mengine yote, jibu lako ni jibu la maisha yako. Wewe ulimwendea mkuu wa idara ukamweleza uso kwa uso, ikafaa, kwa kuwa wewe ni mzee wa miaka arobaini na mjomba wako alisoma naye. Mwenzako ni msichana wa miaka ishirini na sita kutoka Faza ambaye hajawahi kuingia ofisi ile. Ukimpa njia yako ataitikia kwa adabu, atakushukuru, na hataifanya. Kikao kijacho atakuwa na matatizo mawili: lile la kwanza, na aibu ya kukwambia kwamba hakufuata ushauri wako.

Tukiri pia kwamba malezi yetu hayatusaidii. Tumelelewa kwa nasaha na wasia. Mtu akikueleza shida yake nawe usimpe neno, unaonekana humjali. Mnoaji mpya hujisikia kama mwenye nyumba aliyemkaribisha mgeni asimpe hata maji. Inachukua vikao vitatu au vinne kabla ya kuona kwamba kule kusikilizwa bila kukatizwa ndiyo maji yenyewe.

Tukinyamaza wote wawili, nifanye nini?

Usifanye kitu. Kunywa kahawa yako. Kimya kinachokutisha wewe, mwenzako anakitumia.

Tukutane mara ngapi, saa ngapi, wapi?

Mara moja kila wiki mbili kwa miezi sita, kisha mkae mjiulize kama mnaendelea. Kila wiki ni karibu mno, mtu huwa hajatenda chochote; kila mwezi ni mbali, mtu amesahau.

Saa kumi na nusu jioni, baada ya alasiri, inatufaa wengi, na tunafunga kabla ya magharibi. Ramadhani tunahamia baada ya tarawehe, kikao kimoja kwa mwezi mzima. Wiki ya maulidi hatupangi kitu, maana hakuna atakayekuja.

Mahali pawe pa wazi lakini pasiwe pa kusikika. Baraza ya mtu anayetoka na kuingia haifai, wala Mkunguni mbele ya ngome, ambako kila benchi lina masikio manne. Ua wa nyumba wakati wenyeji wametoka, chumba cha kusomea, au kutembea kwa miguu kuelekea Shela maji yakiwa yametoka. Hili la kutembea tunalisifu. Watu wakitazama mbele badala ya kutazamana husema mambo ambayo wasingeyasema mezani. Malindi wanakutana mikahawani kwa kuwa mji ni mkubwa na hakuna anayemjua mwenzake meza ya pili. Sisi hatuna anasa hiyo.

## Nani akae na nani

Naweza kumchukua rafiki yangu? Ndugu yangu?

Rafiki wa karibu sana, hapana. Anakupenda, kwa hivyo atakutetea, na kutetewa ni tofauti na kuulizwa. Ndugu ndiyo kabisa usimchukue: matokeo ya kikao yatafika kwa bibi kabla ya isha.

Anayefaa ni mtu unayemheshimu, usiyemtegemea, na ikiwezekana wa fani nyingine. Mtu wa fani yako atavutwa na maudhui. Mtaanza kubishana juu ya sampuli, saa imekwisha. Kinyozi hajinyoi, kweli, lakini pia si lazima anyolewe na kinyozi mwenye mkasi sawa na wake. Malindi wana bahati hapa: watu wa magofu ya Gede, wa msitu wa Arabuko-Sokoke, wa hifadhi ya bahari iliyotangazwa 1968, na wa afya kutoka Kilifi, safari ya kama saa moja, wote wanaweza kukaa meza moja.

Mwenzangu ni mkubwa kwangu kwa umri. Nitamuulizaje?

Umri na ngazi ya kazi ni vitu viwili. Tuna mwalimu wa sekondari aliyestaafu ambaye sasa ndiyo anaanza uzamili, na mnoaji wake angeweza kuwa mjukuu wake. Shikamoo yake anapewa mlangoni, kiti kizuri anapewa, anaitwa Mwalimu kama anavyoitwa mji mzima. Kisha kijana anasema, "Kwa ruhusa yako, Mwalimu, nikuulize," na anauliza swali lile lile ambalo angemuuliza mtu wa rika lake. Ruhusa ikishaombwa, swali halina utovu wa adabu. Mwalimu mwenyewe alitwambia kilichomchosha ni kijana kuzunguka, si kijana kuuliza.

Mwanamke na mwanamume wasio maharimu wanaweza kunoana?

Wapo wanaofanya na wapo wasiopenda, na hatumlazimishi mtu wala hatumuulizi sababu. Njia yetu ya kawaida ni watu watatu badala ya wawili: mmoja mwenye jambo, mmoja mnoaji, wa tatu anasikiliza na kushika saa. Tuliianza kwa ajili ya swali hili. Baadaye tukaona wa tatu ana faida nyingine: yeye ndiye anayemwambia mnoaji mwishoni, "Swali lako la tatu lilikuwa ushauri."

Msimamizi wangu akisikia, hataudhika?

Mwambie kabla hajasikia. Mwambie kwamba hamjadili ubora wa kazi wala hamsomi sura za tasnifu, ila mnasaidiana kupanga na kuamua. Wengi hufurahi, maana barua pepe za kulalamika hupungua.

## Siri

Mji huu ni mdogo. Siri itakaa wapi?

Lamu mtu akinunua changu mkubwa asubuhi, adhuhuri ameshaulizwa ana wageni gani. Hatujifanyi hatulijui hilo. Kwa hivyo sharti letu ni kali kuliko yale utakayoyasoma kwingine.

Lililosemwa kikaoni halitoki, na wala mada yake haitoki. "Leo tuliongea mambo ya msimamizi wake" tayari ni kuvunja siri, hata kama hukusema neno moja la aliyoyasema. Wala mnoaji haruhusiwi kuuliza habari za jambo nje ya kikao. Ukikutana na mwenzako njiani, punda wanapita, watu wanapita, msalimie, muulize hali ya nyumbani, basi. Ukimuuliza, "Yule alikujibu?" umeshamfungulia mlango mbele ya watu ambao hakuwachagua.

Siri ina mipaka miwili, na tunaitaja kikao cha kwanza ili isimshtue mtu: hatari ya mtu kujidhuru au kudhuru mwingine, na udanganyifu katika utafiti. Yote mawili yana swali lake hapa chini.

Naweza kuleta data yangu, au kisa cha mtu niliyemhoji?

Lete tatizo, mwache mtu nyumbani. Uliyemhoji alikubali kuongea na wewe, hakukubali kuongea na kikundi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haina kifungu cha kahawa. Kuondoa jina peke yake huku hakutoshi. "Mvuvi mmoja wa Matondoni aliyerithi jahazi kwa mamake" si mtu asiyejulikana. Huenda ni mjomba wa mnoaji wako.

Mwenzangu akiniibia wazo? Na kama tunaomba ruzuku ile ile?

Wizi wa mawazo hatujauona, lakini hofu yake tumeiona mara nyingi, na hofu inatosha kuharibu kikao. Mkiwa na tangazo moja la ruzuku mnaloliwania wote, semeni siku hiyo hiyo mnapojua, na kwa muda huo kila mmoja apate mnoaji mwingine. Mkishapata majibu, rudianeni. Wawili wetu walirudiana mmoja akiwa amepata na mwenzake amekosa, na kikao cha kwanza kilikuwa kizito kweli. Aliyepata ndiye aliyeanza kama mnoaji.

## Yanayotokea mara chache

Mwenzangu amelia. Au amesema hataki tena kuishi.

Machozi peke yake si dharura. Mpe muda, muulize kama anataka kuendelea au kuahirisha, usijaze kimya kwa "usijali".

La pili ni tofauti. Kunoana kunasimama papo hapo, husemi "tulizungumze kikao kijacho". Usimwache peke yake, mtafute mtu wa kwao anayemwamini, na mwende pamoja hospitali. Hukusomea kazi hiyo, na hakuna anayetarajia uifanye.

Amenieleza kwamba baadhi ya takwimu zake alizitunga.

Wewe si hakimu wake, na si mfuko wake wa kufichia pia. Mwambie hapo hapo kwamba umefika kwenye mpaka mliokubaliana. Kisha mpe nafasi ya kwenda mwenyewe kwa msimamizi, kwa siku mnayoitaja kwa tarehe. Mtu anayejipeleka hupokelewa tofauti na anayepelekwa. Siku ikipita, unamjulisha mratibu wa kikundi, naye huwasiliana na kamati ya maadili ya taasisi yake. Hili halina njia isiyouma.

Mtafiti mgeni kutoka ng'ambo anaweza kujiunga?

Anaweza, kama kibali chake cha NACOSTI kiko sawa na ana taasisi ya Kenya inayomhifadhi. Tunampa pia onyo moja ambalo mwanzo huliona la ajabu: ndani ya kikao hakuna kutafsiriwa, kupelekwa kwa wazee, wala kutafutiwa watu wa kuhoji. Tulijifunza kwa kuumia. Mwenzetu mmoja alinolewa mara moja na akafanya kazi ya msaidizi wa bure kwa wiki sita, akidhani ndiyo urafiki. Mgeni akitaka msaidizi, amwajiri na amlipe, na huyo asiwe mnoaji wake.

Niko Kiunga, mtandao unakuja na kwenda. Na wakati wa kusi sitoki.

Simu ya sauti ya kawaida inatosha, tena afadhali kuliko video inayoganda uso wa mtu akiwa mdomo wazi. Ikishindikana, tumianeni ujumbe wa sauti: swali moja, mwenzako anakaa nalo hata nusu siku, anajibu. Ni polepole, lakini wapo waliosema ndivyo walivyofikiri vizuri zaidi. Katikati ya mwaka bahari inapochafuka panga tangu mwanzo kwamba vikao vitakuwa vya simu, usingoje boti iahirishwe ndipo utoe udhuru.

Mwenzangu haji, au anakuja lakini halifanyi lolote analosema.

Kutokuja mara mbili bila habari kunatosha kumaliza. Kutotenda ni jambo jingine, na mara nyingi maana yake hatua aliyoitaja ilikuwa kubwa mno au haikuwa yake. Rudi kwenye swali la kumpa mtu jibu, hapo juu, ujiulize kama hukuisukuma wewe. Kisha muulize waziwazi: "Hii hatua ni ya nani?"

Mkiamua kuachana, semeni kwa mdomo, mkiwa pamoja, msiachane kwa kutojibu simu. Mtakutana barabarani kesho asubuhi, na barabara zetu ni nyembamba.